Mtoto wa Fisi Maji Aliyetufuata Port Victoria

Wengi wenu mliiona picha ya Ochieng amelala juu ya pikapu ya samaki, amekumbatia ndoo ya rangi kama mtu anayebembeleza mtoto. Mlicheka, mkaniuliza ndani ya ndoo kulikuwa na nini, nami nikawajibu "hadithi ndefu" nikanyamaza. Sasa niko nyumbani, nimeoga, na nguo zimeacha kunuka samaki, au karibu ziache. Wacha niwaeleze wote kwa pamoja.

Kwa wasiotujua: mimi ni Wambui. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kuuza viatu Kisumu kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kijaluo nilikipata uwanjani nikicheza. Ochieng, mwenzangu wa projekti, alilelewa Nakuru, na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu. Kila tulipofika, watu walimwangalia Ochieng wakamporomoshea Kijaluo, naye akanigeukia mimi nimtafsirie. Wazee walitushangaa mpaka tukazoea.

Mwalimu wetu, ambaye darasa zima tunamwita Daktari, alifanya kazi ya pomboo kule Pwani miaka mingi kabla ya kuja huku ziwani. Muhula ule alipotangaza kwamba anatafuta wanafunzi wa kumsaidia utafiti wa mamalia wa majini, kuna aliyeuliza kama ziwa letu lina nyangumi. Daktari akasema tuna kiboko, ambaye hatumruhusu mtu yeyote kumkaribia, na tuna fisi maji, yule mnyama mdogo anayeogelea akivua samaki. Tulioinua mikono tulikuwa wawili tu.

Nyakach, mara ya kwanza

Kazi yenyewe haina sifa. Unatembea ufuoni ukiinama, unatafuta nyayo na kinyesi juu ya mawe. Kinyesi cha fisi maji kimejaa magamba na miiba ya samaki, na ukikichambua unajua alikula nini. Tulianzia Nyakach. Tulishuka Pap Onditi siku ya soko, tukanunua ndizi, tukaendelea kwa boda hadi bichi ndogo ya wavuvi ambayo sitaitaja jina, na mwisho wa masimulizi mtaelewa sababu.

Pale tulipokelewa na mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi. Watu wanamwita Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvuka maji, na moyo wake ni mkubwa kuliko sauti. Alitukalisha, akatupa ngege, samaki wa ziwani, wa kukaanga na ugali wa mtama, akataka kujua tunafanya nini huko kwenye mawe tukiwa tumeinama kama watu waliopoteza sindano.

Nikamweleza kwa Kijaluo, na nilijisikia sana. Nilitumia neno "wamanyo", yaani tunatafuta. Tunatafuta fisi maji, mama.

"Na mmepata?"

"Bado. Tumeona nyayo tu."

"Pole. Watoto wa watu, mmetoka mbali na mmekosa."

Tulikaa kwake siku kadhaa, hatukuona hata mkia. Nyayo zilikuwepo kila asubuhi, mbichi, kama mtu anayetucheza shere. Tulipoaga nikamwachia namba yangu ya simu, nikamwambia tunaelekea Port Victoria. Alituangalia kwa huruma ya kweli. Ningeielewa huruma ile wakati ule, ningekuwa nimemwokoa mnyama mmoja na mateso mengi.

Port Victoria

Port Victoria ilitutuliza sote wawili kwa sababu pale wenyeji wanaongea Kinyala, na mimi na Ochieng tukawa bubu sawasawa. Watu walitusalimu "Mulembe", tukaitikia "Mulembe", halafu yote yaliyobaki yakawa ya Kiswahili. Ochieng alinenepa moyo. Alisema ni mara ya kwanza katika safari hii kuongea na watu bila kupitia kwa mkalimani.

Siku ya tatu simu yangu iliita nikiwa katikati ya matete. Min Akinyi. Mtandao ulikuwa unakatika, nikasikia maneno machache tu: nimewatumia kitu, gari ya samaki, mtafurahi. Nikamshukuru mara nyingi. Nilimwambia Ochieng kwamba tumetumiwa samaki wa moshi, na siku nzima tulizungumza jinsi tutakavyowala.

Asubuhi iliyofuata ikaja pikapu yenye sanduku la barafu, ile inayokuja kuchukua samaki kuwapeleka Kisumu. Dereva wake, Barasa, ni mtu wa maneno machache. Aliteremsha ndoo ya rangi yenye kifuniko kilichotobolewa matundu kwa msumari wa moto.

"Mzigo yenu," alisema. "Nilipewa stendi Kisumu na jamaa ametoka Nyakach. Alisema nisiipindue."

Ochieng akakishika kifuniko, mate yameshamjaa mdomoni. Ndani ya ndoo kikatoka kilio chembamba, kama firimbi ya ndege aliyenaswa.

Alikuwa na ukubwa wa paka mdogo. Manyoya ya rangi ya kahawa isiyo na maziwa, madoa ya krimu kooni kama mtu aliyemwagikiwa na uji, vidole vyenye ngozi katikati. Macho yalikuwa wazi, yanatuangalia. Chini yake walikuwa wamemwekea nyasi na kipande cha leso ya Min Akinyi mwenyewe.

Nilikaa chini palepale mchangani. "Wamanyo." Tunatafuta. Na kwa Min Akinyi, mgeni akitafuta kitu akikosa, mwenyeji humtafutia. Aliwaambia wavuvi, wavuvi wakachimbua kati ya mawe, na huyu hapa.

Ochieng alizinduka kwanza. Alileta mizani na kipimo. "Wambui, hatujawahi kushika mmoja. Tumpime tu, dakika chache. Nani mwingine ana vipimo vya mtoto wa fisi maji wa ziwa hili?"

"Mpigie Daktari," nikamwambia.

Daktari alisikiliza kila kitu bila kunikatiza. Kisha akauliza mambo matatu: ana jeraha? Anaita? Walimtoa lini? Nikamjibu. Akasema, "Basi mama yake bado anamtafuta. Mrudisheni alipotolewa, palepale, sio jirani. Msimpime, msimpige picha usoni, msimzoeze mikono yenu. Huyo alichimbuliwa, hatuwezi kumwandika kokote kwenye utafiti."

Mambo ya watu wa wanyamapori na ruhusa yalipangwa na Daktari kwa simu, nawarukia hayo. Ochieng alirudisha mizani kwenye begi. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kumwomba Barasa atuchukue.

Mafuriko

Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nayo ilishachukuliwa na mama mwenye samaki. Sisi tukapanda nyuma, tukakaa juu ya sanduku la barafu, ndoo katikati yetu, turubai juu ya vichwa. Baridi ilitupanda kutoka chini na jua likatushukia kutoka juu.

Nilitegemea tufike Kisumu mchana. Mto Nzoia ulikuwa na mipango mingine. Karibu na Ruambwa maji yalikuwa yamepanda barabarani, na foleni ya magari imesimama kama iliyoitwa msibani. Trekta ilikuwa ikivusha gari mojamoja, ikipumzika kila baada ya gari kama ng'ombe mzee.

Tukasubiri. Watu wakashuka, wakanunua mihogo ya kuchoma, wakavua viatu. Kulikuwa na kundi la akina mama waliovaa sare nyeupe za kanisa, walikuwa wanatoka kwenye maombi, na muda si mrefu wakawa wameizunguka pikapu.

"Hiyo inalia ni nini?"

"Ni mtoto wa fisi maji, mama."

"Mnampeleka kuuza?"

"Tunamrudisha kwa mama yake."

Mama aliyeuliza akawatafsiria wenzake. Walicheka, si kwa ubaya. Mmoja akauliza mama yake anaishi wapi, nikasema Nyakach. Wakacheka tena, zaidi, kwa sababu Nyakach ni ng'ambo nyingine kabisa ya Kisumu. "Na alifika huku kufanya nini?" Swali zuri.

Halafu mdogo wa ndani ya ndoo akanyamaza. Ndilo jambo lililonitisha katika safari yote. Firimbi ile ilikuwa imetuchosha masikio tangu asubuhi, na ilipokoma nikatamani irudi. Nilifungua kifuniko kidogo. Alikuwa amejikunja, pua kavu, macho nusu. Tulimpa fulu, wale samaki wadogo ambao hata paka wa bichi hawagombanii, tukamkatia vipande. Alinusa akageuza kichwa. Tukamlainishia kwa vidole. Hakutaka.

"Atakufa kwa mikono yetu," nikasema.

Ochieng alichukua fulu mmoja mzima, mbichi, mwenye magamba yake, akamtia mdomoni. Akamtafuna. Machozi yalimtoka. Wale akina mama walipiga kelele, mmoja akageuka asione. Alitafuna mpaka ikawa uji, akaitema kwenye ncha ya kidole, akaipeleka ndani ya ndoo.

Yule mdogo alinusa. Akalamba. Akalamba tena, kisha akaking'ata kidole.

"Ameniuma!" Ochieng alipiga kelele kwa furaha, damu inamtoka. "Wambui, ameniuma!"

Akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Mmoja wao alichota maji ya mto akailowesha turubai yetu ili ndoo ikae kivulini penye ubaridi. Ochieng alitafuna fulu wa pili, na wa tatu, na jioni ya siku hiyo hakuweza kula chochote. Firimbi ilirudi. Trekta ilipofika zamu yetu, akina mama waliimba mpaka tukafika upande wa pili. Sijui waliimba kwa ajili yetu au kwa ajili ya barabara.

Ni baada ya pale, tumeshaipita Siaya, ndipo nilipopiga ile picha mliyoiona.

Kisian

Tuliingia barabara kuu ya Busia, tukapita Luanda na Maseno, tukaanza kuteremka. Ziwa likatokea chini, magugu yamelifunika sehemu kubwa kama uwanja wa mpira. Pale Kisian polisi wakatusimamisha. Afisa alitazama samaki, akatazama karatasi za Barasa, akaridhika. Kisha ndoo ikapiga firimbi.

"Hapo ndani kuna nini?"

"Fisi maji, afande," akasema Ochieng.

Afisa alirudi nyuma hatua nzima. "Fisi? Mnaweka fisi kwa ndoo?"

"Si fisi, afande. Ni fisi maji."

"Ndiyo nauliza. Ni fisi ama si fisi?"

Barasa, ambaye tangu Port Victoria hakuwa amesema sentensi mbili zinazofuatana, akaona atusaidie. "Afande, hiyo ni kama paka. Paka ya kuogelea."

"Sasa imekuwa paka." Akamwita mwenzake. "Kuja usikie hawa watu. Wamebeba fisi, fisi imekuwa paka, paka inaogelea."

Nilimpigia Daktari nikampa afisa simu. Afisa alianza kuongea kwa ukali, kisha akawa anasema "sawa", kisha akawa anasikiliza tu. Daktari akianza kuongea juu ya wanyama wake hasimami, sisi tunamjua. Magari yalipita, samaki wa yule mama wakaanza kutoa maji ya barafu chini. Mwisho afisa akasema, "Asante, madam. Sikujua," akanirudishia simu.

"Anasema hawa walikuwa wengi hapa zamani," akaniambia. Alikuwa ameshusha sauti. "Mimi nimezaliwa hapa karibu na sijawahi kuona. Fungua kidogo."

Nilikumbuka onyo la Daktari, nikafungua ufa mdogo tu. Afisa aliinama, akaangalia, akabaki ameinama. "Wee," alisema polepole. Kisha akasimama wima, akairekebisha kofia yake. "Endeni. Barasa, endesha taratibu."

Kwa mama, Kisumu

Tulifika Kisumu jua limekaribia kuzama, na hakuna gari la kuaminika la kwenda Nyakach wakati huo. Ilibidi tulale kwetu.

Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka sokoni Kibuye, viatu vyake ameshavifungia. Alitazama ndani ya ndoo. Alinitazama mimi.

"Nimekusomesha miaka hii yote uniletee panya ya maji?"

"Ni usiku mmoja tu, mama."

"Kwa nyumba yangu? Haitalala."

Baba aliingia bafuni, akatoa nguo zilizolowekwa, akajaza karai kubwa maji kidogo, akaweka jiwe katikati. Tulipomtia mdogo wetu ndani ya karai, alizama, akazuka, akajigeuza mgongo, akaonyesha yale madoa ya kooni. Baba akaleta kigoda akakaa mlangoni. Mama alimwita mezani, akamwita tena. Alipokuja kumfuata, akasimama nyuma yake, mkono begani pake, wakamtazama pamoja.

"Anaita nani hivyo?" mama akauliza.

"Mama yake."

Mama akachukua mkoba wake akatoka, akarudi na fulu wabichi amewafunga kwenye gazeti. "Huyo kijana asitafune tena," alisema, maana nilikuwa nimemweleza ya Ochieng. "Tutasaga kwa kinu."

Nyakach, mara ya pili

Asubuhi tulipanda gari la kwenda Pap Onditi, kisha boda, na Ochieng hakumwachia mtu yeyote ndoo. Min Akinyi alituona tukiwa mbali, akaja mbio akitabasamu, na alipoiona ndoo yake mwenyewe tabasamu likaisha.

"Ni mbaya?" aliuliza. "Ni mgonjwa?"

"Ni mzuri, mama. Tumemrudisha."

"Nilikutafutia nikapata, na wewe unanirudishia."

Hapo Kijaluo changu chote kilinikauka. Wanawake wengine waliacha samaki wao wakageuka kutazama. Nilijua nimemwaibisha mbele ya watu wake, mtu aliyetulisha, aliyekata leso yake mwenyewe imlaze mnyama. Nikapiga magoti, nikaanza upya, polepole. Nikamwambia zawadi yake imetushinda ukubwa. Nikamwambia kosa ni la neno langu. Hatukuwa tunamtafuta tumshike. Tulikuwa tunataka kumwona akiwa kwake, na watu wake, anavyoishi.

Mdogo akapiga firimbi ndani ya ndoo.

"Amelia hivyo njia yote?"

"Njia yote."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema, na akanishika kwapa akaniinua. Akamwita shemeji yake aliyemchimbua, akamwamuru atuonyeshe mahali penyewe.

Yalikuwa mawe matatu yaliyoegemeana, mizizi ya mti imeyashika. Udongo uliochimbuliwa ulikuwa bado mwekundu. Hapakuwa na nyayo mpya. Shemeji alisema hawajaona kitu pale tangu siku ile, labda wamehama. Ochieng alimlaza mdogo kwenye uwazi kati ya mawe, akaondoa mikono haraka kama aliyeungua. Tukarudi nyuma mbali, tukalala kifudifudi nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa: mimi, Ochieng, na Min Akinyi ambaye alikataa katakata kubaki.

Mdogo aliita. Aliita mpaka nikaona hata wale wanaoanika dagaa wa omena upande wa pili wamesimama kusikiliza. Maji yalibaki laini. Jua likapanda. Kisha sauti ikaanza kupungua, ikawa na mapengo, na mapengo yakarefuka.

"Namchukua," Ochieng akanong'ona. "Hakuna anayekuja. Atakauka pale."

Mimi pia nilikuwa nimeshaamua hivyo moyoni. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ndoo. Min Akinyi akamshika Ochieng shati. "Kaa chini," alisema kwa Kiswahili, ili aelewe. "Kidogo tena."

Firimbi ikajibiwa.

Ilitoka karibu mno. Haikutoka ziwani, ilitoka chini ya mizizi ileile, hatua chache kutoka tulipomweka. Kichwa bapa kikachomoza kwenye maji ya kivulini, sharubu zimelowa, akatazama upande wetu kwa muda ambao sikupumua. Kisha akapanda juu ya jiwe, mrefu, anang'aa, akamnusa mdogo kuanzia kichwa hadi mkia, akamgeuza, akamnusa tena. Akamng'ata ngozi ya shingo. Wakaingia majini bila hata kurusha tone.

Min Akinyi alikuwa ameufunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Kumbe alikuwa hapa tu," alisema. "Siku zote hizi alikuwa hapa tu." Akasimama, akajipangusa mchanga, akapaza ile sauti yake ya kuvuka maji kuwaambia wavuvi wote wa bichi ile kwamba atakayegusa mawe yale ataongea na yeye.

Ochieng alimpigia Daktari. Alijaribu kusimulia akashindwa, nikaweka simu kwa sauti kubwa tusikie wote.

"Amekuja," alisema mwisho.

"Una uhakika ni mama yake?" Daktari akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani.

Ochieng alinitazama, akatazama mawe. "Hapana, Daktari. Nina uhakika alimbeba."

"Vizuri," alisema Daktari. "Andikeni hivyo."